Kiha cha Baba

Mwezi uliopita nilikwenda kwa seremala kuagiza kabati. Nilipofika alikuwa anapiga randa ubao wa mwerezi, na maranda yalikuwa yamejaa sakafuni hadi kwenye vifundo vya miguu yake. Nikasimama mlangoni, nikashindwa kuvuka. Akaniuliza, "Vipi mama, vumbi?" Nikamjibu ndiyo, vumbi. Nikatoka nje, nikakaa juu ya gogo, nikalia kama mtoto, mimi mwanamke mwenye wajukuu.

Harufu ile ilikuwa harufu ya mikono ya baba yangu. Hakuwa seremala, alikuwa mpima damu. Siku hizo, kabla ya kushusha lenzi ya darubini juu ya kioo chenye damu, wapimaji walidondosha kwanza tone la mafuta ya mwerezi ili vitu vionekane vizuri. Mafuta yale yaliingia chini ya kucha na hayakutoka hata kwa sabuni ya kipande. Baba alipotushika mashavu tulinusa mwerezi. Alipotumegea mkate tulikula na mwerezi. Amekufa miaka mingi sasa, na mama naye amemfuata, na haya ninayoyaandika sikumwambia hata mmoja wao.

Kwetu ni Upare. Nilikuwa na miaka minane baba alipohamishiwa mkoa wa Kigoma, kwenye zahanati ya kijiji kimoja kati ya Kibondo na Kasulu. Jina la kijiji naliacha, kwa sababu wenyewe wapo. Ilikuwa katika ile miaka ya sabini ambayo watu walitolewa mabondeni na kupangwa kando ya barabara, na nyumba nyingi zilikuwa bado zinanuka udongo mbichi. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka milimani ukakaa juu ya migomba mpaka saa tatu. Mama, aliyezaliwa milimani na kuijua baridi, alisema baridi ya kule ilikuwa ya ugenini, haikumzoea.

Baba alipelekwa kule kwa sababu ya malale. Ninyi mliokulia sehemu zenye ndorobo mnaujua ugonjwa huo. Ndorobo ni nzi mkubwa wa porini, mwenye mabawa yanayolaliana kama mkasi. Akiwa na vijidudu akakuuma, unaanza na homa kama homa nyingine yoyote. Baadaye kichwa, baadaye kusinzia mchana na kuhangaika usiku, baadaye akili inapotea, na kama hukuwahiwa kwa sindano za hospitalini, unakufa. Kazi ya baba ilikuwa kutoboa vidole vya watu na kutazama.

Alasiri, wagonjwa walipokwisha, aliniita nitazame na mimi. Alinipandisha juu ya kigoda, akaweka kiganja chake nyuma ya kichwa changu ili nisitikisike. Siku ya kwanza aliponionyesha vijidudu vya malale nilibishana naye. Mimi nilitegemea kuona vitu vilivyolala. Nikaona vinyuzi vinavyocheza na kujipinda kati ya chembe za damu, vichangamfu kuliko samaki.

"Baba, hivi haviwezi kuwa malale. Viko macho."

Alicheka mpaka akavua miwani. Nilijiona nina bahati kuliko watoto wote wa barabara ile. Alasiri zile zilikuwa zangu peke yangu.

Pale zahanati alikuwapo mwanamke aliyefagia, kuchemsha sindano na kuwatafsiria mganga wa zahanati na baba, kwa kuwa mganga wetu alikuwa mtu wa Mara, baba Mpare, na wagonjwa wengi watu wazima, hasa wanawake, hawakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Aliitwa Nyandwi, jina la mtoto wa saba. Alikuwa mjane, pengine wa miaka thelathini, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alikuwa na binti mmoja, Butoyi, pacha aliyebaki baada ya mwenzake kufa mchanga. Butoyi alikuwa rika langu na tulikaa dawati moja. Alinifundisha kuchagua karanga zilizokauka vizuri kwa kuzitikisa sikioni.

Siku Nyandwi aliposikia jina langu aliweka ndoo chini. "Namkunda? Hilo jina ni Kiha!"

"Ni Kipare," baba akasema.

"Kwetu maana yake 'nilimpenda'."

"Na kwetu ni kupenda hivyo hivyo." Baba akafurahi kama aliyekutana na ndugu njiani.

Nadhani hapo ndipo alipopata hamu, lakini sababu kubwa ilikuja wiki chache baadaye. Mzee mmoja aliletwa siku ambayo Nyandwi hakuwapo. Mzee akazungumza kwa muda mrefu, akionyesha kichwa, akionyesha jua, akionyesha ardhi. Baba na mganga hawakuelewa neno. Wakampima, hawakuona kitu, wakampa vidonge vya homa. Alikufa. Nyandwi aliporudi wakamweleza ishara za yule mzee, naye akatikisa kichwa kwa huzuni: alikuwa anawaambia kwamba anaanguka usingizi shambani juu ya jembe.

Kesho yake baba alinunua daftari la mraba, yale ya hesabu, akamwomba Nyandwi amfundishe Kiha.

Mganga alimcheka. Nilikuwapo. "Wewe ni mpima damu," alisema. "Kazi yako iko kwenye kioo. Kiha utakifanyia nini? Mwakani watakuhamishia Lindi, huko utajifunza Kimwera?"

"Nikihamishiwa huko, ndiyo," baba akajibu. "Kioo kinaniambia kilichomo ndani ya tone moja. Mengine yote yako mdomoni kwa mgonjwa."

Hivyo alasiri zangu zikachukuliwa. Baba aliniambia nikacheze na Butoyi, na yeye na Nyandwi wakakaa kwenye benchi nyuma ya zahanati, kila mmoja mwisho wake, daftari katikati. Alikuwa mwanafunzi mwenye bidii ya kuchekesha. Njiani kurudi nyumbani alitaja kila alichokiona. Siku moja alimwambia mama, akiwa amesimama na kijiko cha mboga mkononi, kwamba nzi kwa Kiha ni *isazi* na kichaa ni *umusazi*. "Unaona? Silabi chache tu mbele, na nzi anageuka kichaa. Na ndivyo ndorobo anavyofanya kweli. Watu hawa lugha yao imekaa karibu na ugonjwa kuliko vitabu vyangu."

Mama akasema, "Mboga inapoa."

Mama hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpweke. Alikuwa hana mtu wa kusengenya naye kwa lugha yake, hana dada, hana soko anakotaniwa. Jioni mume wake alirudi na maneno ambayo mwanamke mwingine alimpa.

Siku moja sikwenda kucheza. Nilizunguka nyuma ya zahanati nikajibanza kwenye ukuta wa choo. Somo la siku hiyo lilikuwa viungo vya mwili. Nyandwi alijigusa kichwa, akasema neno, baba akajigusa kichwa, akalirudia. Macho. Masikio. Tumbo. Halafu Nyandwi akaweka kiganja kifuani, akasema polepole, "Umutima." Baba akaweka kiganja chake kifuani kwake, akamtazama, akasema, "Umutima." Hakulipatia. Akalirudia tena, kwa sauti nyororo, kama mtu anayebembeleza. "Umutima. Umutima."

Mimi neno hilo nililijua. Nilikuwa nimelisikia redioni kwenye nyimbo za taarabu ambazo mama alizipenda, nyimbo ambazo mtu hulia mtima wangu, mtima wangu, kwa sababu ya mpenzi. Baba yangu alikuwa anamwimbia Mama Butoyi.

Mama alikuwa uani anachambua maharage. Nikakaa karibu naye.

"Mama, mtima ni nini?"

"Ni moyo. Neno la watunga nyimbo. Umelisikia wapi?"

"Baba alikuwa anamwambia Mama Butoyi. Ameshika kifua."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. Hadi hapo nilikuwa nimesema nilichokiona, ingawa nilikiona vibaya. Ningenyamaza hapo. Lakini nilimwona mama akitaka kuanza tena kuchambua, nikaona jambo langu linapita, na alasiri zangu hazitarudi. Nikaongeza, "Na alimshika mkono."

Hakumshika mkono. Benchi lile lilikuwa refu na daftari lilikuwa katikati.

Mama aliendelea kuchambua, lakini nilimwona akiyatupa maharage chini na kuyaweka mawe kwenye sufuria.

Baba aliporudi, mama alimuuliza kabla hajavua viatu. Baba akaeleza kwamba lilikuwa somo. "Somo la kushikana mikono?" mama akauliza. Baba akasema hawakushikana mikono. Ndipo mama akaniita nije mbele yao. "Namkunda, rudia ulichoniambia."

Nikarudia. Yote, pamoja na mkono. Nilikuwa natazama vidole vya miguu ya baba.

Nilisubiri aniite mwongo. Hakuniita. Akasema taratibu, "Mtoto akisema ameona, sina la kubishana naye." Alilichukua daftari kutoka mfuko wa koti akaliweka juu ya kabati, mahali ambapo mimi singefika. Nimeyafikiria maneno yale maisha yangu yote. Alijua nimesema uongo. Hakuna mtu aliyejua kama yeye. Nadhani aliona kwamba kunishinda mbele ya mama ni kunivunja, akachagua avunjike yeye.

Masomo yakaisha. Walikuwa wamemaliza viungo vya mwili. Maneno ya kulala na kuamka na kula yalikuwa ya wiki ile inayofuata.

Kijijini jambo halikai ndani. Kisimani wanawake walianza kumpisha Nyandwi kwa namna isiyo ya heshima. Mganga, akiogopa maneno, akamwambia apumzike kazi kwa muda, na sote tulijua huo muda hauna mwisho. Akafunga vitu vyake akaenda na Butoyi kwa mama yake mzazi, huko chini upande wa mto Malagarasi, ambako watu wachache walikuwa wamebaki na mizinga yao ya nyuki porini. Huko ndorobo walikuwa wengi.

Asubuhi waliyoondoka Butoyi alipita mbele ya nyumba yetu na kibuyu kichwani. Aliniangalia. Hakunipungia, na mimi sikumpungia. Dawati letu nikalikalia peke yangu.

Alasiri baba alinialika tena kwenye darubini. Alinipandisha juu ya kigoda kama zamani, akaweka kiganja nyuma ya kichwa changu. Nilitazama, lakini siwezi kukumbuka nilichokiona. Siku chache baadaye nikamwambia macho yananiuma, na hakuniita tena.

Mvua zilikuwa zimeanza kupungua siku bibi yake Butoyi alipomleta. Alikuwa amembeba mgongoni mtoto wa miaka minane, kwa mwendo wa siku nzima na sehemu ya pili yake. Nyandwi alikuwa amekwenda Kasulu kutafuta kibarua, hakujua kwamba mwanawe anaumwa. Mganga alikuwa Kibondo kuchukua dawa, na kijana aliyeshika nafasi ya Nyandwi hakuja kazini siku hiyo. Alikuwapo baba peke yake, na mimi, niliyekuwa nimetumwa kumpelekea chakula.

Bibi alimkalisha Butoyi kwenye benchi barazani, akaingia ndani kuzungumza. Mimi nilibaki nje na rafiki yangu. Alikuwa amekonda, shingoni ana vivimbe. Niliona aibu. Nikammegea kipande cha muhogo wa kuchemsha kutoka kwenye chakula cha baba. Akakipokea, akauma, akatafuna mara mbili. Halafu akafumba macho, na muhogo mdomoni, akageuza uso ukutani.

Nikamwita, "Butoyi." Hakujibu. Nikamgusa bega. Akafumbua macho kidogo, akanitazama kama mtu asiyenijua, akayafumba tena.

Nikadhani amenuna. Nilidhani mama yake amemwambia nilichokifanya, na kwamba ameamua kutonisemesha, na kwamba nastahili. Nikakaa kando yake kimya kama mwenye adabu. Mtoto wa mpima malale, niliyeambiwa mara mia dalili za ugonjwa ule, nilikaa kando ya mtoto aliyesinzia chakula kikiwa mdomoni, nikaona ni hasira.

Kupitia dirishani niliwasikia. Baba alikuwa anatumia Kiha alichokuwa nacho. Umutwe? Kichwa kinauma? Bibi akajibu ee. Tumbo? Hapana. Homa? Ee. Halafu baba akafika kwenye maneno ambayo hakuwahi kufundishwa. Alijua kwamba Kiha na Kiswahili ni ndugu, alijua kuna neno *kurara* linalofanana na kulala, alikuwa amelisikia kwa wagonjwa. Akaliunga.

"Arara mchana?" Akaegemeza shavu kwenye kiganja na kuonyesha jua.

Bibi akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Oya," akasema. Hapana.

Baba akauliza tena ili awe na hakika. Hapana, hapana.

Akamtoboa Butoyi kidole. Nakumbuka hakushtuka, na baba alipomsemesha hakujibu; alidhani ni homa na uchovu wa safari. Baba alitazama kwenye darubini kwa muda mrefu kuliko kawaida, akasogeza kioo huku na huku. Siku nyingine vijidudu havipatikani katika tone la kwanza, hata kama vimo. Kila mpimaji analijua hilo. Ndiyo maana anauliza. Kama angejibiwa ndiyo, angemlaza pale na kumpima tena kesho, na kesho kutwa, au kumpeleka Kibondo kwa gari lolote ambalo lingepita. Lakini alijibiwa hapana. Akampa bibi vidonge vya homa, akamwonyesha kwa vidole: siku saba, umrudishe.

Bibi alimfunga Butoyi mgongoni kwa kitenge. Kichwa cha Butoyi kikaangukia begani kwa bibi yake. Wakashuka na njia.

Siku saba zikapita, na saba nyingine. Mto ulikuwa umejaa.

Aliyekuja alikuwa Nyandwi. Alikuja mchana, peke yake, kichwa kimenyolewa. Nilikuwa nimeegemea nguzo ya baraza, na nilipoona kile kichwa nilijua, kabla sijajua kwamba ninajua. Hakunitazama. Alipita mpaka ndani, na baba akainuka kitini.

"Bwana Vipimo," alisema, "mwanangu nimemzika. Sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza. Mama yangu anasema ulimuuliza kitu cha ajabu, akacheka. Ulimuuliza nini?"

Baba akasema, "Nilimuuliza kama mtoto analala mchana. Akasema hapana."

"Sema kama ulivyosema siku ile."

"Arara mchana?"

Nyandwi akaketi chini sakafuni, hakutafuta benchi. Akafunika mdomo kwa kiganja. Alipokitoa alizungumza polepole, kwa sauti ile ile aliyotumia kufundisha. "Kurara si kusinzia. Kurara ni kuwa mahali usiku mzima, mpaka kuche. Umemuuliza mama yangu kama mtoto hupitisha usiku mzima wakati wa mchana. Nani angejibu ndiyo? Ungesema *gusinzira*. Ungesema tu kama anasinzira. Hata Kiswahili mnalo, kusinzia. Angekuambia anasinzira tangu asubuhi. Angekuambia anasinzira akila."

Baba alivua miwani akaiweka mezani. Akashika kingo za meza kwa mikono miwili. Nilikuwa sijawahi kumwona mwanamume mzima akilia, na sikujua kwamba sauti yake inatoka mbali kiasi kile. Nyandwi alikaa pale sakafuni, hakumbembeleza wala hakuondoka.

Mimi nilikimbia shambani nikajificha kwenye mihogo. Nililia, lakini kilichonitisha zaidi ya huzuni ni kwamba hakuna mtu aliyenitafuta ili kuniadhibu. Hakuna aliyeunganisha. Wote waliona neno moja lililokosewa; mimi peke yangu nilijua neno lile lilikosewa kwa sababu somo lake halikufika, na kwa nini halikufika.

Mama aliposikia alijifunga kanga mbili, akajaza kikapu unga na maharage, akaenda, mimi nyuma yake, alikofikia Nyandwi, kwa jamaa zake nyuma ya shule. Hakujua aanzie wapi na Nyandwi hakujua kumpokea. Walikaa mkekani kimya, wakamaliza alasiri nzima. Wakati wa kuondoka mama alisema, "Mama Butoyi, mfundishe baba Namkunda. Njoo umfundishie nyumbani kwangu. Mimi nitakaa nisikilize." Alimwita Mama Butoyi, ingawa Butoyi hayupo, na nilimwona Nyandwi akilipokea jina lile kwa macho.

Alikuja. Kwa miezi mingi alikuja, akakaa uani kwetu na kile kichwa chenye nywele zilizoanza kuota, akafundisha. Wiki ya kwanza yote alifundisha usingizi. Kusinzia, kulala, kukesha, kuota, kugutuka, kulala ugenini, kuzimia, kuamka na kutojua uko wapi. Sikujua kwamba binadamu ana maneno mengi hivyo kwa kitu kimoja. Baba aliandika, mama akarudia huku akimenya ndizi, na siku moja alipokosea matamshi Nyandwi alicheka kidogo, kisha akakumbuka akaacha. Baba aliwahi kumuuliza kwa nini anakubali. Alijibu, "Sitaki mama wa mtu mwingine aulizwe swali lile."

Watu wengi wanatembea leo kwa sababu ya daftari lile. Siwezi kusema ni wangapi, baba hakuhesabu. Najua tu kwamba baadaye, Kasulu, wanawake wazee walishuka kutoka vijijini wakamuulizia yeye, yule Mpare anayeuliza vizuri, na kwamba mara nyingi alimtuma mtu hospitalini kwa sababu ya jibu, kioo kikiwa bado hakijaonyesha kitu, na kioo kikaja kukubali baadaye. Aliendelea kusoma yasiyo yake mpaka uzee: majina ya miti, namna nyuki wanavyohama, ni lini watu wanaingia porini kurina asali, kwa sababu huko ndiko ndorobo alikowakuta. Vijana waliokuja na vyeti vikubwa kuliko chake walimwona mtu wa kupoteza muda. Mimi nilisomea uhandisi wa maji, na kila nilikopelekwa kuchimba kisima nilitafuta kwanza mtu wa kunifundisha wenyeji wanavyosema kiu, na wanavyosema uchafu, na wanavyosema maji ya wafu. Wenzangu walidhani ni tabia ya kupenda watu. Sikuwahi kuwaeleza.

Baba alihamishiwa Kasulu nilipokuwa darasa la nne. Asubuhi lori lilipokuwa linapakiwa, Nyandwi alikuja kutuaga na mkungu wa ndizi. Alipoondoka nilimfuata. Nilikuwa nimejiandaa siku nyingi. Nilimwomba msichana mmoja darasani anipe neno, nikalikariri, nikalisema kitandani, nikalisema chooni.

Nilimkuta mwisho wa shamba la maharage. "Mama Butoyi," nikasema. "Umbabarire."

Akageuka. "Umesema nini?"

"Umbabarire."

Uso wake ukalegea, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alidhani nimekuja kumwonyesha nilichojifunza. Akachuchumaa mbele yangu. "Usilivute hivyo katikati. Literemshe mwishoni. Sema tena." Nikasema. "Tena." Nikasema tena. "Ee, sasa ni Kiha. Unajua maana yake?"

"Nisamehe."

"Nisamehe, ndiyo. Lakini ona." Alichukua kijiti akachora mstari mavumbini, kama alivyozoea kumchorea baba. "Kubabara ni kuumia. Mtu akipatwa na msiba, anababara. Kubabarira ni kuumia kwa ajili ya mtu. Kwa hiyo ukimwambia mtu umbabarire, unamwomba aumie kwa ajili yako. Umeelewa? Ni neno zito. Usimwambie mtu hivi hivi."

Nilikuwa nimefungua mdomo. Yote yalikuwa tayari pale, ukuta wa choo, ungo wa mama, mkono ambao haukushikwa. Nikatazama nywele zake zilizoota tena, na ule uso uliolegea.

Nikafunga mdomo.

"Unajua Kiha kuliko baba yako," alisema, akanipapasa kichwa, akasimama. Nyuma yetu lori lilipiga honi. Alingoja kidogo, kama mwalimu anayengoja kuona kama kuna swali, kisha akashika njia ya kwao.